Mwaka Nilioacha Kuuliza "Mmefahamu?"

Bi. Zuhura alizikwa Alhamisi, upesi na bila makeke, kama alivyopenda mambo yote yaende. Mimi nilifika Jumamosi, siku ya hitima, miguu imenivimba kwa safari ya basi na leso yangu nyeusi imekunjamana kama gazeti la juzi. Nyumba ni ile ile, kwenye kichochoro kinachokatika kutoka barabara ya Ndia Kuu, Mombasa, nyuma ya maduka ya vinyago. Ukumbini wanawake walikuwa wamekaa mikekani bega kwa bega, nami, Mkristo wa Taita ninayejulikana na watu wachache sana pale, nikasogezewa nafasi karibu na mlango bila mtu kuniuliza nimefuata nini. Nikapewa kahawa chungu na tende. Kisomo kilipokuwa kikiendelea, macho yangu yalitembea ukutani, yakapanda ngazi, yakarudi chini tena. Nilistaafu zamani sasa, na watu wakinisifu husema nilizaliwa na kipaji cha kusomesha. Nawaacha waseme, maana kuwaeleza kungechukua jioni nzima. Kipaji sikuzaliwa nacho. Nilikipata katika ukumbi ule, kwenye mkeka kama ule niliokuwa nimeukalia, na aliyenipa alikuwa amelala makaburini Kikowani siku mbili.

Ya kwetu Taita nayaacha, hayana uzito hapa. Nilishuka Mombasa mapema miaka ya tisini, msichana mwenye cheti kipya cha ualimu na jozi moja ya viatu vya heshima, nikapangiwa shule ya msingi ukingoni mwa Mji wa Kale, shule ya ghorofa mbili yenye ua mdogo wa saruji. Mwalimu mkuu, Bwana Chengo, mtu wa Kaloleni aliyependa kila kitu kinyooke, hata mistari ya watoto asubuhi, alinitazama akaniuliza nitalala wapi. Nikasema sijui. Akamwita mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mfupi wa makamo aliyekuwa akifuta chaki mikononi kwa upindo wa buibui. "Bi. Zuhura, mgeni huyu ni wako," akasema, naye akanitazama toka utosini hadi kwenye vile viatu, akajibu, "Haya, na aje. Chumba cha juu ki wazi." Hivyo ndivyo nilivyopata nyumba, na sikujua kwamba nimepata na shule ya pili.

Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, chandarua, na dirisha lililotazamana na dirisha la jirani karibu kiasi kwamba ungeweza kumpa mtu chumvi bila kunyanyuka. Maji yalikuja kwa mkokoteni, tukayajaza mapipa, na mtu akioga sana alisikika nyumba nzima na kusemwa nyumba nzima. Alfajiri nilijua saa kwa harufu: kwanza iliki ya mahamri, kisha mbaazi za nazi, kisha ubani ambao Bi. Shamsa, dadake Bi. Zuhura, alifukizia nguo zake hata siku ambayo hakuwa na pa kwenda. Bi. Shamsa alikuwa mjane, mcheshi, mtafuna tambuu, na mwenye maoni juu ya kila kitu kuanzia bei ya samaki hadi namna ninavyochana nywele. Jioni tulikula sisi watatu kwenye sinia moja: wali, mchuzi, kachumbari, na kipande cha samaki ambacho kila nikiangalia kando kilikuwa kimesogea upande wangu. Na mimi nilikuwa nimelelewa kwamba mgeni hali sana. Kwa hiyo nikila matonge machache nasema, "Nimeshiba, Bi. Ahsante." Bi. Zuhura hujibu, "Haya," kisha anaendelea kunisogezea, nami naendelea kula, na mchezo huo tuliucheza kila jioni bila yeyote kuutaja.

Nilipewa darasa la tatu, watoto hamsini na kitu, wengi wao wa Majengo, wachache wa Mji wa Kale na Tudor. Walikuwa watoto wenye adabu ambayo sikuwahi kuiona. Nikiingia wanasimama kama wimbi moja. Nikiuliza swali hawanikatizi. Nikimaliza kueleza, nageuka kutoka ubaoni na kuwauliza, "Mmefahamu?" nao wanaitika hata madirisha yanatikisika, "Tumefahamu, mwalimu!" Nilirudi nyumbani nimejaa fahari. Niliwaambia wenyeji wangu kwamba watoto wa Mombasa ni rahisi mno kufundisha, na nakumbuka Bi. Shamsa alisita kutafuna, akamtazama dadake, kisha akaendelea.

Basi ukaja mtihani wa mwisho wa muhula wa kwanza. Hesabu za kutoa, zile ambazo tarakimu ya juu ni ndogo ukalazimika kuchukua kwa jirani yake, walizikosa karibu wote. Tena si makosa mengi tu, yalikuwa ya ajabu: mtoto anatoa ishirini na saba kwenye hamsini na mbili anapata jibu kubwa kuliko alichoanza nacho. Niliposahihisha nilihisi wananifanyia kusudi. Bwana Chengo aliniita ofisini, akaweka karatasi mezani akazilinganisha pembe zake kwanza, ndipo akasema. "Mwalimu Mghoi, mkaguzi anakuja muhula wa pili kukutazama ukifundisha. Nikiulizwa kama uthibitishwe kazini, itabidi niseme nionacho. Darasa likiwa hivi, sitaweza kukuombea." Hakusema kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nisipothibitishwa kazi imekwisha, narudi milimani na cheti changu, na kila mtu aliyenisindikiza stendi ataniuliza kulikoni.

Siku hiyo nilipanda ngazi za nyumba viatu mkononi, sitaki kuonana na mtu. Nilikuwa nusu ya ngazi niliposikia sauti kutoka ukumbini. "Nimepita mbele ya darasa lake," Bi. Zuhura alikuwa akisema. "Kunena yuwajua. Sauti yuna. Lakini yuwanena pekee yake, kama redio." Bi. Shamsa akasema, "Mbona yeye husema huwauliza?" "Huwauliza, nao humwitikia. Wamwambieje, masikini? Mwalimu wao, tena mgeni wa watu." Nilisimama pale nimeshika ukuta. Redio! Nilikuwa nimekesha nikitayarisha masomo yale, nimechora picha kwa rangi nilizonunua mwenyewe. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto, na ninakiri kwamba hasira ile ilikuwa na ladha nzuri kidogo, kwa kuwa ilinipumzisha na woga.

Jioni kwenye sinia nilitwaa matonge mawili matatu, nikasema nimeshiba, nikavuta mkono. Bi. Zuhura hakusema "haya" safari hii.

"Hujashiba," akasema. "Umekasirika."

"Nimeshiba, Bi."

"Mwanangu, tangu uingie nyumba hii washiba kwa mdomo tu. Siku ya kwanza ulisema umeshiba na hujagusa samaki. Mie nilikwamini? Ningalikwamini, saa hii ungalikuwa umekufa na ndaa chumba cha juu, tukawa twatafuta jamaa zako."

Bi. Shamsa alicheka hadi tambuu ikamkwama. Nikauliza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, alijuaje basi kama sijashiba.

"Nakutazama mkono," akasema Bi. Zuhura. "Ukishiba mkono wenda pole, vidole vyachezea wali. Ukiwa na ndaa, waumega kwa haya lakini wausindika kinywani. Kinywa cha mgeni hakiulizwi, kwani mgeni yuna adabu zake. Sasa niambie, na mtoto wa darasa la tatu? Yeye atakwambiaje hajafahamu? Kwa mtoto wa huku kukwambia hivyo ni kukutukana. Ni kama kukwambia, wewe mwalimu hujui kusomesha. Mamake akisikia atampiga. Basi yuwaitika tu: tumefahamu. Nawe waamini."

Nilikuwa nikiwaona watoto wangu mmoja mmoja, na macho yao yaliyotulia, na nikaelewa kwamba muhula mzima walikuwa wamenistahi tu, kama mimi nilivyowastahi wenyeji wangu mbele ya samaki. Nilishika uso nikalia pale pale, mkono umejaa wali. Bi. Zuhura aliniacha nilie kiasi, kisha akasukuma kile kipande cha samaki. "Kula," akasema. "Kesho kuna kazi."

Kazi yenyewe ilianza kwa marufuku. Neno "mmefahamu" alinikataza kulitia kinywani ndani ya darasa. Nani angedhani neno moja linaweza kumsumbua mtu hivyo? Nilikuwa nikimaliza kueleza, nageuka, mdomo unafunguka wenyewe, naufunga, nabaki nimesimama mbele ya watoto kama mtu aliyesahau alichoendea sokoni. Wiki ya kwanza nilikuwa mwalimu mbaya kuliko mwanzo. Vipindi nilivyokuwa huru nilikaa nyuma ya darasa la kwanza, kwenye kidawati ambacho magoti yangu hayakuingia, nikimtazama Bi. Zuhura. Alikuwa akisema kidogo. Akishaeleza jambo huwapa watoto kitu cha kufanya mara hiyo hiyo, halafu hutembea katikati ya madawati mikono nyuma, akitazama vidole vyao. Mtoto aliyefahamu, alinionyesha, huanza na kichwa chini. Ambaye hajafahamu hunoa penseli. Huchonga ile penseli mpaka inakaribia kwisha, masikini, akingoja jirani aandike. Nilirudi darasani kwangu siku hiyo nikakuta nusu ya darasa inachonga penseli, na nikashangaa ni vipi vumbi lote lile la mbao sakafuni halikuwahi kuniambia kitu.

La pili alilonifundisha lilikuwa gumu zaidi kwa mtu mwenye kiburi cha cheti. Akikuta watoto wamekwama, Bi. Zuhura hujitwisha kosa mwenyewe. "Hapa mie sikueleza vizuri," huwaambia, kama anayezungumza na wageni wake. "Nani anisaidie, anionyeshe wapi nimewapoteza?" Na mikono inapanda! Kumwambia mwalimu "sijafahamu" ni utovu wa adabu, lakini kumsaidia mwalimu aliyeomba ni adabu yenyewe. Amewatafutia mlango wa kupitia bila kuwavua heshima yao. Nimehudhuria semina nyingi tangu hapo, nyingine kwenye hoteli zenye vitambaa mezani, na sijasikia jambo lililonifaa kama hilo.

Jioni, vyombo vikishaoshwa, ukumbi uligeuka darasa. Bi. Zuhura alifumua ufagio mpya kabisa wa chelewa, dadake akipiga kelele kwamba huo ni uharibifu, tukazikata chelewa vipande vifupi, kumi kumi tukazifunga kwa uzi. Bi. Shamsa alifanywa mwanafunzi. Mwanafunzi gani yule! Alichelewa, alitafuna, aliomba ruhusa ya kwenda msalani, na kila nilipomweleza alinikonyeza akasema, "Nimefahamu, mwalimu," kwa sauti tamu ya kitoto. Nami nilitakiwa nisimsikilize, nitazame mikono yake inafanya nini na yale mafungu. Mara nyingine alikosea kwa makusudi na mara nyingine kweli, na nilipoanza kutambua ipi ni ipi, Bi. Zuhura alikaa kando akikuna nazi na kujifanya hatusikii. Nilikuwa na furaha jioni zile. Nilikuwa na woga wa mkaguzi pia, lakini furaha ndiyo ninayoikumbuka, na harufu ya nazi mbichi hunirudishia furaha hiyo hadi leo.

Mkaguzi alikuja siku ya mvua, mtu mrefu wa bara, koti lake limelowa mabegani. Alikaa nyuma na Bwana Chengo, andalio langu la somo pajani: utangulizi, maelezo, mfano, zoezi, hitimisho, kila kitu na dakika zake. Niliandika ubaoni hamsini na mbili toa ishirini na saba. Nikaeleza, nikawapa chelewa, nikatembea. Mambo yalikwenda vizuri hata nikaanza kuvuta pumzi. Nilipofika mbele kuandika mfano wa pili, mkono mmoja ulikuwa juu. Saumu. Mtoto wa Majengo, mdogo kuliko wenzake, mtoto ambaye tangu Januari sikuwa nimeisikia sauti yake ila ndani ya ile "tumefahamu" ya wote.

"Mwalimu," akasema, "mie hapo sijafahamu."

Wenzake wawili watatu waligeuka kumtazama kana kwamba amevunja sahani. Bwana Chengo aliangalia sakafu. Na nikajua vizuri sana naweza kufanya nini: naweza kutabasamu nikamwambia nitakueleza baadaye, nikaendelea, nikamaliza zoezi na hitimisho ndani ya dakika zake, na mkaguzi aandike alichokuja kuandika. Kazi yangu ilikuwa imekaa pale nyuma na koti lililolowa. Nikaweka chaki chini.

"Mwambie mwalimu wako, Saumu. Nimekupoteza wapi?"

Akasimama. "Hiki kimoja tukichukua kwa jirani," akasema, akionyesha ile tano ubaoni, "kule kilikuwa kimoja. Kikija huku huwa kumi. Hizo tisa zatoka wapi?"

Nimefundisha miaka mingi na sijapata kuulizwa swali zuri kuliko lile. Nikaenda mpaka dawatini kwake, nikachuchumaa, nikamwekea fungu moja la chelewa mkononi nikamwuliza hiki ni kimoja au ni kumi. Akaligeuza, akaligeuza tena. Nyuma yangu mtoto mwingine akasema polepole, "Hata mimi, mwalimu, hapo sijafahamu," na mwingine, na mwingine, na wote wakaja wakatuzunguka na mafungu yao wakifungua nyuzi. Kengele ililia tukiwa chini hivyo, chelewa zimetapakaa, mfano wa pili haujaandikwa. Mkaguzi alinifuata mlangoni. "Andalio lako linasema mngefika hitimisho," akasema. Nikamjibu kwamba ndiyo, linasema hivyo. "Hamkufika." "Hatukufika, bwana." Akafunga faili, akatoka na Bwana Chengo, na watoto wakamwagika uani.

Nilithibitishwa, nisikuweke roho juu. Habari ilikuja baadaye, muhula wa tatu, na Bwana Chengo aliniletea mwenyewe hadi darasani, ananyoosha tai. Lakini jioni ile sikujua hilo. Nilirudi nyumbani nimekwisha, nikaketi mkekani na kumhadithia Bi. Zuhura yote: koti, faili, alichosema mkaguzi, alivyokunja uso, Bwana Chengo alivyoangalia sakafu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na yule mtoto, kafahamu?"

Kengele ilikuwa imelia. Sikujua.

Alinyanyuka, akatwaa buibui lake. "Kwao wapi?"

"Majengo, Bi. Lakini mvua hii..."

"Mvua ni mai tu. Twende kabla ya magharibi."

Tulikwenda kwa miguu, tukiruka madimbwi, tukiuliza nyumba kwa nyumba, mpaka tukafika kwenye chumba kimoja cha udongo chenye pazia mlangoni. Mamake Saumu, aliyekuwa akikaanga viazi vya karai barazani, alipoona waalimu wawili wamesimama mbele yake aliachia mwiko. "Yarabi, kafanya nini? Saumu! Njoo hapa! Umefanya nini shule?"

"Hajafanya neno baya," Bi. Zuhura akasema. "Masalkheri, mwanangu. Sisi ndio tumekuja kutazama kazi yetu."

Tukakaribishwa ndani, tukatandikiwa mkeka. Saumu alikuja amejificha nyuma ya leso ya mamake. Sikumwuliza kama amefahamu. Nilimwandikia hesabu kwa mkaa kwenye kipande cha katoni, ya kutoa, ya kuchukua kwa jirani, nikampa mkaa. Akainamisha kichwa mara moja. Vidole vyake vilikwenda, vikasita, vikaenda, na jibu likawa sawa. Nikaandika nyingine, likawa sawa. Mamake alikuwa amesimama mlangoni hapumui. Kwa furaha nikaandika kubwa zaidi, mia mbili na nne, toa sitini na nane, na vidole vikasimama. Akaitazama ile sufuri katikati kwa muda. Kisha akaniangalia machoni.

"Mwalimu, na jirani mwenyewe akiwa hana kitu? Hapo sijafahamu."

"We Saumu!" mamake akamkemea. "Ndivyo waambiwavyo waalimu?"

"Mwache," akasema Bi. Zuhura, naye amekwisha kuvua viatu vyake vilivyolowa, ananyoosha miguu mkekani. "Mwache aseme. Neno hilo ndilo lililotutoa nyumbani."

Nikasogea karibu na mtoto, nikaomba ufagio wa chelewa, nikaanza kufungua uzi.